Vituo vya televisheni vijaze mwongozo wa vipindi, watu wanatupa ving'amuzi vizima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye vituo vya televisheni, pamoja na kampuni zinazobeba matangazo yao hewani, kuhusu mwongozo wa vipindi. Nauzungumzia ule ukurasa unaojitokeza mtu akibonyeza kitufe cha EPG kwenye rimoti, wenye majina ya vipindi na saa zake, ambao ndio king'amuzi hutegemea kinapoambiwa kirekodi. Mimi ni fundi mwanamke, nina meza yangu Ngamiani hapa Tanga. Ving'amuzi vingi ninavyoletewa kwa shtaka la "hakirekodi" au "kinarekodi nisichokitaka" nikivichunguza navikuta vizima kabisa. Mwongozo ndio haukuja, au umekuja na makosa, na mwenye mali hana njia ya kulijua hilo. Jirani anamwambia kifaa kimekufa. Anajikusanya, ananunua kingine, na hicho kipya nacho kinafanya vilevile, kwa sababu kinasoma mwongozo uleule.

Najua wapo watakaouliza ni nani bado anarekodi televisheni siku hizi. Wanarekodi wateja wangu. Kutazama mpira au tamthilia kwenye simu ni bando la kila siku, wakati flashi ya GB 32 inanunuliwa mara moja ikachomekwa nyuma ya king'amuzi. Yuko muuguzi wa zamu za usiku anayemwekea mwanawe vipindi vya masomo. Wako wake za wavuvi wa Deep Sea, ambao waume zao wanaingia baharini jioni na mechi inachezwa wao wakiwa huko. Na Ramadhani ndiyo inayoniletea ving'amuzi kuliko mwezi mwingine wowote, kwani taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaangukia kwenye Isha na tarawehe, na wazee wa mji huu hawataki kukosa ibada wala kukosa habari.

Mzee mmoja wa Makorora, mstaafu wa reli, alikileta chake ndani ya kikapu. Nilimwamkia, akakaa, akaniambia: "Mwanangu, namwambia mjukuu anirekodie habari, nikiamka kula daku nakuta filamu." Nikakichomeka. Chaneli aliyokuwa akiitaka ilikuwa inaonekana vizuri, picha safi, sauti safi, lakini mwongozo wake mtupu: "Hakuna taarifa" kuanzia asubuhi hadi usiku. Mjukuu alipokosa cha kuchagua kwenye mwongozo aliandika saa kwa mkono, kuanza 20:00 na kumaliza 21:00, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Tatizo lilikuwa saa ya king'amuzi, iliyobaki nyuma kwa saa tatu. Tanga ikiwa saa mbili usiku, chenyewe kilijua ni 17:00. Kilipofika 20:00 kwa hesabu yake, sisi tulikuwa saa tano za usiku, na hiyo ndiyo filamu mzee aliyoikuta kwenye daku.

Sababu yake ni hii. Mawimbi hayaleti saa ya Tanzania. Yanaleta saa ya dunia, ile inayohesabiwa kutoka Greenwich, na king'amuzi ndicho kinachotakiwa kujumlisha saa tatu kwa kufuata nchi au ukanda uliochaguliwa kwenye menyu. Cha mzee kilikuwa kimewekwa kwenye sifuri. Vilivyoletwa na ndugu kutoka Dubai au Muscat nimevikuta kwenye nne, na hivyo ukiandika 20:00 vinaanza kurekodi saa moja jioni. Vingine Tanzania haimo kabisa kwenye orodha yao ya nchi, mwenye nacho akachagua Ujerumani ili mradi apite. Kwa huyo matatizo ni mawili kwa mwaka, maana Ulaya wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na king'amuzi kinawafuata. Mtu anakuja dukani Aprili anasema kilikuwa kinakosea saa mbili, sasa kinakosea moja, kimechanganyikiwa. Hakijachanganyikiwa. Dawa ni kuzima uchaguzi wa nchi ikiwezekana, kuandika ukanda wa +3, na kuhakikisha kipengele cha saa za kiangazi kimezimwa.

Hapa nawaomba wenye vituo wanifuate kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye hoja yangu. Kama mwongozo wa chaneli ile ungekuwa umejazwa, kosa la ukanda wa saa lisingemdhuru yule mzee hata kidogo. Mwongozo nao husafiri kwa saa ya dunia, na king'amuzi huupeleka mbele au nyuma kwa kipimo kilekile kinachotumia kwa saa yake. Taarifa ya habari ingeandikwa 17:00 kwenye skrini, mjukuu angeibonyeza kwa jina, na king'amuzi kingeanza kurekodi saa yake ikisoma 17:00, yaani saa mbili usiku hasa ya Tanga. Mwongozo uliojazwa sawasawa unamlinda hata mtu ambaye kifaa chake kimepangwa vibaya. Mwongozo mtupu unamwacha aandike saa kwa mkono, na kuandika kwa mkono ndiko kunakoyafichua makosa yote mengine.

Wengi wanaamini mwongozo unatoka kiwandani, au kwenye intaneti. Kwa ving'amuzi vya antena tunavyotumia hapa unasafiri pamoja na picha na sauti, ndani ya mawimbi yaleyale. Katika mfumo wa DVB, yaani kanuni za matangazo ya dijitali ambazo ving'amuzi vyetu vinazifuata, kila kitu kina namba yake: vipindi vinapita kwenye namba 18 na saa inapita kwenye namba 20. Jina la kipindi cha sasa na kinachofuata linatakiwa kurudiwa kila baada ya sekunde 2 au pungufu. Saa inatakiwa kuja angalau kila baada ya sekunde 30. Ratiba ya siku za mbele inakuja taratibu zaidi, vipande kwa vipande. Ndiyo sababu ukiwasha unaona majina mawili upesi, na wiki nzima inajaa baadaye ukiwa umekaa. Mtu asiyelijua hilo anabonyeza mwongozo papo hapo, anaona patupu, anaanza kufuta chaneli zote.

Kila kipande cha mwongozo kina hesabu ya kujikagua. Kikifika na dosari, king'amuzi hakikionyeshi, kinakitupa na kungoja kirudie. Picha haina ukali huo. Ikipata dosari inaweka vidoto vya miraba, inaendelea. Kwa hiyo inawezekana ukatazama televisheni jioni nzima, picha ikikwaruza mara mojamoja tu, huku mwongozo una mapengo. Tanga hii nusu ya mapengo hayo inatoka juu ya paa. Upepo wa kusi unaleta chumvi, chumvi inaingia kwenye koneka ya antena, waya wa shaba unaota ukijani, na maji yanateremka ndani ya waya hadi sebuleni. Usitazame nguvu ya mawimbi peke yake kwenye menyu, tazama ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora unapandashuka, panda kwenye koneka ya nje kwanza. Kata waya mpaka ukutane na shaba inayong'aa, funga koneka mpya, zungushia utepe wa mpira, na uuache waya ujikunje chini kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee hapo nje. Raskazone na sehemu zote zinazotazama bahari kazi hii inarudiwa kila baada ya misimu michache, na mteja asikasirike na fundi kwa hilo.

Kwa wenye madishi mambo ni tofauti kidogo. Mifumo mingi ya dishi inapakia mwongozo wa chaneli zote kwenye masafa mamoja maalumu. Dishi likisogea kidogo tu, chaneli za masafa mengine zinabaki na mwongozo hauji kabisa. Hapo aitwe mwenye kipimo cha dishi, msihangaike na menyu.

Narudi kwenye antena. Kosa linalotendeka zaidi majumbani ni kuzima king'amuzi kwenye swichi ya ukutani. Nalielewa vizuri. Watu wameunguliwa na vitu umeme ukirudi kwa kishindo, na uniti za LUKU zinahesabiwa. Lakini ving'amuzi vingi vya bei ya kawaida vinaweka ratiba kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatwa. Asubuhi kinaanza upya kikiwa hakijui hata saa ngapi. Nawashauri wanaorekodi wakinunulie kifaa cha kulinda umeme, kisha wakiache kimelala kwa rimoti. King'amuzi kinachokula wati 5 kikiwa kimelala hakifikishi uniti 4 kwa mwezi mzima. Wapime wenyewe kati ya hilo na kununua kingine.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: king'amuzi chenye kipokezi kimoja, yaani sehemu moja tu ya kunasa mawimbi, kinasoma mwongozo wa masafa kinayoyapokea wakati huo. Chaneli zinakuja kwa mafungu, kila kampuni inayobeba matangazo ina fungu lake kwenye masafa yake. Ukikaa jioni yote kwenye chaneli ya fungu moja, mwongozo wa fungu la pili unaweza kuwa mtupu au wa jana, labda kampuni hizo ziwe zimekubaliana kubebeana taarifa. Kabla ya kupanga kurekodi, hamia chaneli unayoitaka, iache dakika kumi hivi, ndipo ufungue mwongozo. Wateja wangu kadhaa hawakuhitaji fundi, walihitaji kuambiwa hili tu.

Sasa namna ya kujua kosa ni la nani. Hili ningependa kila mwenye king'amuzi alikate kwenye gazeti akaliweke karibu na televisheni. Weka chaneli yenye tatizo, bonyeza kitufe cha taarifa, utaona utepe wenye jina la kipindi cha sasa, na pembeni saa. Linganisha saa hiyo na simu yako, kisha linganisha jina la kipindi na kile unachokiona. Saa ikiwa si sahihi lakini jina linalingana na picha, kosa ni ukanda wa saa ndani ya king'amuzi chako, rekebisha mwenyewe. Saa ikiwa sahihi lakini jina ni la kipindi cha saa tatu zilizopita au zijazo, aliyekosea ni aliyepakia mwongozo, ameandika saa ya Dar es Salaam mahali panapotakiwa saa ya dunia, au amefanya kinyume chake. Hapo hakuna kitu utakachokirekebisha nyumbani. Ukihamia chaneli za fungu jingine na saa yenyewe ikaruka, basi moja ya kampuni hizo inatuma saa isiyo sahihi. Zima saa ya kujirekebisha na uiandike kwa mkono, vinginevyo kila ukihama chaneli mipango yako yote ya kurekodi inahama nayo. Na kama chaneli moja ni tupu huku jirani zake wa fungu lilelile wamejaa, usiguse waya wala antena. Mawimbi ni yaleyale. Kituo hicho hakijaleta ratiba yake, au imeletwa na haikupakiwa.

Nenda pia kwa jirani mwenye king'amuzi cha aina nyingine. Kama na kwake chaneli hiyohiyo ni tupu, umemaliza uchunguzi.

Kutafuta chaneli upya kunasaidia pale tu mwongozo ulipopotea ghafla kwa chaneli iliyokuwa nao, na mara nyingi hiyo ni dalili kwamba namba ya ndani ya chaneli imebadilishwa mnarani. Andika kwanza kwenye karatasi vipindi ulivyopanga kurekodi, kwa sababu vimefungwa na namba ya zamani na vitapotea. Kurudisha king'amuzi kwenye hali ya kiwandani kuwe jambo la mwisho, na baada yake usisahau ukanda wa saa, maana huenda ukarudi sifuri. Tazama na lugha ya mwongozo: baadhi ya ving'amuzi vikipangiwa lugha ambayo kituo hakikuitumia vinaacha ukurasa wazi. Kuhusu kubadilisha programu ya ndani kwa flashi, nasema kwa uzito: usiweke faili la aina nyingine ya king'amuzi hata kama boksi zinafanana, na usianze kazi hiyo siku ambayo umeme unacheza. Umeme ukikatika katikati, kifaa kilichokuwa kizima kinakuwa kimekufa kweli.

Zipo pia saa zetu wenyewe. Mwongozo unaandika kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza na kuzama. Bibi mmoja wa Chumbageni alipanga saa mbili usiku akaandika 02:00, na king'amuzi kikaamka saa nane za usiku kurekodi marudio. Saa moja jioni ni 19:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa tatu ni 21:00, saa nne ni 22:00. Na kipindi cha saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi, ambacho sisi tunakiita cha Ijumaa usiku, kwa king'amuzi ni Jumamosi 00:30. Wapenzi wa mpira wa Ulaya hili linawauma zaidi. Mechi ya huko inayoanza saa 21:00 ya Ujerumani au Hispania, hapa ni saa nne usiku wakati wao wako kwenye kiangazi na saa tano usiku wakati wa baridi yao. Ikiwa ni saa tano, mpira unamalizika tarehe ya kesho. Anayepanga kwa mkono aongeze dakika tano mbele na ishirini nyuma, na mechi za mtoano aongeze saa nzima, kwa ajili ya muda wa nyongeza na penalti.

Haya yote mtu angeepukana nayo kwa kubonyeza jina la mechi kwenye mwongozo. Ndipo tunakuja kwenye mwongozo uliojazwa kwa jina tu. Vipo vituo ambavyo ukifungua ukurasa wao unakuta kipindi kimoja, jina la kituo chenyewe, kimeanza alfajiri na kitaisha alfajiri ya pili. Mama mmoja wa Deep Sea alibonyeza kurekodi juu ya jina hilo asubuhi na mapema, akiamini mechi ya usiku imo ndani yake, na kweli ilikuwa imo. King'amuzi kikatii, kikaanza kurekodi kila kitu. Chaneli inayokwenda kwa megabiti 2 kwa sekunde inajaza karibu MB 900 kwa saa. Flashi yake ilikuwa ya GB 8. Ilijaa kabla ya magharibi, mechi haikuingia hata dakika moja, na mumewe aliporudi na dagaa asubuhi hakukuwa na cha kutazama. Alikuja kwangu akitaka kubadilisha king'amuzi. Nilikataa kumuuzia. Nilimwambia ukweli kwamba king'amuzi chake kimefanya kazi yake vizuri, na kwamba kituo ndicho kilichomwambia kuna kipindi cha saa ishirini na nne.

Nimewahi kuwapigia simu watu wa kituo kimoja kuhusu jambo hili. Nilijibiwa kwa adabu kwamba ratiba wanaitoa, ipo kwenye kurasa zao za mitandao ya kijamii, kila siku picha nzuri yenye saa zote. Nimeitazama, ipo kweli. Nikaipigia kampuni inayobeba matangazo, nikaambiwa wao wanapakia wanachopewa. Kwa hiyo ratiba imeandikwa, mtu analipwa kuiandika, na mashine ya kuipakia ipo, ila hakuna anayeitoa kwenye ile picha na kuipeleka mahali ambapo ving'amuzi vinaisoma. Mwenye bando anaiona, na huyo ndiye asiyeihitaji sana. Asiye na bando, aliyenunua king'amuzi ili atazame bila bando, ndiye anayefungua mwongozo na kukuta "Hakuna taarifa".

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na sisi wa Tanga tukafuata mwanzoni mwa 2013. Nakumbuka watu walivyojipanga kununua ving'amuzi. Hawakupewa hiari, asiyenunua alibaki na televisheni isiyo na picha. Mtu aliyelazimika kununua kifaa ili aendelee kutazama taarifa ya habari ana haki ya kukipata kifaa hicho kikifanya kazi zote zilizoandikwa kwenye boksi lake. Kwenye boksi imeandikwa kurekodi. Kwenye boksi imeandikwa mwongozo wa siku saba. Aliyeuza amepokea pesa yake, na kituo kinapata matangazo ya biashara kwa sababu mtu huyo anatazama.

Mimi naumia kwa jambo moja zaidi. Nyuma ya banda langu kuna rundo la ving'amuzi ambavyo wenyewe wamevisusa, na nikivipima vingi vinawaka, vinapokea, vinarekodi. Vimetupwa na watu wenye kipato cha kubahatisha, wauza samaki, mama lishe, wastaafu wanaongoja pensheni. Wamepoteza pesa mara mbili, na wameishia kuamini kwamba dijitali ni ulaghai. Siwezi kumlipisha mtu pesa ya ufundi kwa kosa ambalo haliko kwenye kifaa chake, lakini si kila fundi atamwambia hivyo. Wapo wanaofungua, wanapuliza vumbi, wanafunga, wanatoza. Mwongozo mtupu unawapa kazi.

Ninachoomba hakihitaji mtambo mpya. Kila kituo kiwe na mtu mmoja mwenye jukumu la kupeleka ratiba ya angalau siku saba kwa kampuni inayokibeba, katika muundo ambao mashine inausoma, na kuirekebisha siku ambayo vipindi vinabadilika. Bunge likirushwa moja kwa moja, au mechi ikisogezwa, mwongozo usogezwe nao, kwa sababu ving'amuzi vinavyofuata jina la kipindi vinaweza kusogea na mwongozo vikiambiwa mapema. Kampuni zinazobeba matangazo zikague saa zinazotuma, kila moja kwa fungu lake, na zibebeane mwongozo. Zikiona kituo kimeleta jina tupu la saa ishirini na nne zilirudishe, zisilipakie. Wauzaji wapange ukanda wa +3 kabla ya kumkabidhi mteja boksi, ni kazi ya dakika mbili dukani. Na mamlaka inayosimamia mawasiliano, inapokagua picha na sauti za vituo, nayo ifungue ukurasa wa mwongozo na iandike ilichokiona.

Kwako wewe Mhariri, nina ombi pia. Magazeti yalikuwa yakichapa ratiba za redio na televisheni, na watu walizikata wakazibandika ukutani. Tafadhali irudishieni nafasi yake, hata kwa toleo moja la wiki, chaneli zile za bure tu, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, na saa ziandikwe kwa namna zote mbili, yetu na ile ya king'amuzi. Mpaka vituo vitakapojaza mwongozo wao, wateja wangu watapanga kurekodi kwa kusoma gazeti lako.

Mafundi wa kituo chochote wanaotaka kuona matatizo haya kwa macho wanakaribishwa Ngamiani siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Nitawawashia ving'amuzi vya aina tofauti kwa pamoja kwenye chaneli yao, tufungue mwongozo, na wajionee wateja wao wanachokiona.

Fundi wa ving'amuzi,
Ngamiani, Tanga